Wasabi (ile kitu ya kijani inayowasha, ya kula na sushi) mnakoroga ndani ya soya sosi ama?

Wasee, bosi anatupeleka sushi Westlands Ijumaa. Mimi hukoroga wasabi yote kwa soya sosi mpaka igeuke kijani, sasa kuna mtu ofisini anasema ni ushamba. Ni kweli?

mama_wawili: Usitishwe, hata Wajapani wengine hukoroga. Ila nigiri (katonge ka wali kenye samaki juu) igeuze uchovye upande wa samaki, ukichovya wali unanyonya chumvi yote halafu unabomokea kwa sosi na unabaki kuokota punje na vijiti mbele ya bosi 😂 Kutumia mkono inaruhusiwa.

jamaa_wa_southb: Na tangawizi si kachumbari bana, ni ya kusafisha mdomo kabla ya kipande kingine.

pilipili_kali: Hiyo wasabi yenyewe mara nyingi ni mzizi mwingine umetiwa rangi. Mi najiwekea pilipili, maswali sitaki.