Tupeane uzoefu: muvi gani ilikufanya uogope TV, simu au kifaa chochote cha ndani?

Mtoto wa Rau
Wakuu, habari za jioni. Umeme umerudi sasa hivi hapa Moshi, TV ikajiwasha yenyewe nikiwa jikoni. Sahani ya makande iko chini. Nimekumbuka mbali.

2005, niko darasa la sita, likizo kwa bibi Kibosho. Anko akaja na kanda ya The Ring kutoka mjini. Mnaijua: ukishaitazama ile kanda simu inaita, unapewa siku saba, ya saba yule binti wa nywele usoni anakufuata kupitia TV. Na sisi tunaitazama kwenye kanda hivyo hivyo, deki inanguruma! Katoka kisimani, anakuja, anakuja, kabakiza kidogo afike kwenye kioo... umeme pyuu.

Binamu zangu wote wakakimbilia jikoni kwa bibi. Mimi mwanaume nikabaki kwenye kochi, nikajifunika kile kitambaa cheupe cha kufuma cha kufunikia TV, usingizi ukanipitia. Saa nane usiku nasikia shhhhhhh. Sebule nzima nyeupe. TV inawaka, chenga tupu, hakuna mtu aliyeigusa. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Bibi akatokea, kibatari mkono huu, rozari mkono ule, akaiangalia TV kama anavyoangalia mbuzi wa jirani shambani kwake. Akachomoa waya ukutani. "Bili nalipa mimi." Akarudi kulala.

Ambacho sijakielewa mpaka leo: asubuhi kile kitambaa kilikuwa nje kwenye kamba, kinachuruzika maji. Mvua haikunyesha. Leteni za kwenu.

Kijenge Juu
Siti ya mbele, na karanga zangu.

Fundi Chenga
Mkuu, hapo hakuna jini. TV za chogo swichi yake ni ya kubonyeza, ikishabonyea inabaki imebonyea. Umeme ukikatika hujaizima, ukirudi inawaka. Deki yenyewe haijiwashi, kwa hiyo TV inakosa picha, inaleta chenga. Nimeshaitwa na familia nzima Pasua kutoa "pepo" la namna hiyo. Nilichukua elfu tano yangu, nikabonyeza swichi.

Mtoto wa Rau
Na kitambaa, fundi?

Fundi Chenga
Vitambaa sitengenezi.

Nabii Mstaafu
Mnaingiza mauti sebuleni kwa hela zenu halafu mnashangaa. Choma kanda, choma na deki.

Ngarenaro Finest
Deki ichomwe imekosa nini? Halafu muwe mnaweka kumbukumbu sawa. Ile ya Marekani ya 2002 ni marudio. Yenyewe ni ya Wajapani, Ringu, 1998, kaiongoza Hideo Nakata, na kabla yake ilikuwa riwaya ya Koji Suzuki. Ule mwendo wa yule binti waliupata kwa kumtembeza mwigizaji kinyumenyume, halafu picha ikarudishwa mbele. Ndiyo maana viungo vinaonekana kama vimefungwa vibaya.

Kijenge Juu
Asante mwalimu. Sasa usiku nitaota anatembea kinyumenyume.

Mzee wa Sanawari
Ya Wajapani haitishi kitu, inasinzisha. Mmarekani kaitia chumvi.

Ngarenaro Finest
Mzee, wewe unatishwa na kelele. Ukipigiwa debe nyuma ya sikio nalo ni muvi ya kutisha.

Mzee wa Sanawari
Kijana, chunga mdomo.

Mama Pacha wa Sakina
Jamani acheni kugombana, niwape yangu. Mimi ni simu.

Baba yangu alifariki 2018. Namba yake sikuifuta. Kila Krismasi namtumia meseji, hazifiki, ila nafsi inatulia. Laini yenyewe najua ilizimwa 2020 kwenye ule usajili wa alama za vidole, marehemu atasajilije? Basi mwaka juzi, usiku wa Krismasi, mume yuko safari, pacha wamelala, nikaweka ile muvi ya Kijapani ya Takashi Miike, ambayo watu wanapigiwa simu kutoka kwenye namba zao wenyewe na kusikia sauti zao wenyewe za siku watakayokufa. Iko katikati, simu yangu ikaita. Kwenye kioo imeandika BABA.

Ngojeni, mmoja kaamka analia. Nakuja.

Kijenge Juu
MAMA PACHA!!!

Mbuyuni Sokoni
Haya ndiyo mambo ya kuudhi. Mpe mtoto titi huku unaandika.

Dada wa Njiro
Wakati tunasubiri: mimi baada ya M3GAN, ile muvi ya mdoli roboti anayeua, nilitoa betri kwenye mdoli wa mwanangu wa mtumba wa Kilombero. Usiku ukaimba kabatini. Kumbe kulikuwa na betri nyingine mgongoni. Niligawa kesho yake, na kabati nusura nigawe.

Mbuyuni Sokoni
Bandikeni plasta kwenye kamera za simu, mtanishukuru.

Nabii Mstaafu
Plasta haizuii roho.

Mama Pacha wa Sakina
Nimerudi. Nilipokea, vidole vinatetemeka. Kimya, mvua tu inasikika. Halafu sauti ya mzee: "Binti, samahani kwa usiku huu. Mimi siyo baba yako." Nikaitupa simu ikaangukia kwenye beseni la nguo nilizoloweka. Kesho yake nikaazima simu ya jirani, nikapiga. Ni mzee wa Tunduma, kaisajili ile laini mwezi huo huo. Meseji yangu ya "Baba, pacha wameanza kutembea" ilimfikia, akakaa nayo tangu jioni anajiuliza anijibuje.

Siku hizi nimemwandika MZEE TUNDUMA. Anawasalimia pacha kila mwezi.

Kijenge Juu
Nilikuja kuogopa, nimeishia kulia kwenye daladala. Konda ananiangalia.

Fundi Chenga
Laini ikikaa bila matumizi wanampa mwingine. Wala siyo ajabu.

Dada wa Njiro
Fundi, wewe nyamaza tu leo.

Mangi Mdogo
Samahani, narudi kwa mwenye uzi. Rau, Kibosho, anko mwenye kanda... Kaka, ni wewe? Kile kitambaa nilikifua mimi alfajiri, bibi alinituma. Ulikuwa umekikojolea, na mto wa kochi pia.

Mtoto wa Rau
Mods, fungeni huu uzi.