Miaka 4, bado anachorachora tu: mazoezi ya macho na mikono nyumbani yaanzie wapi?

mwl_awali
Habari za leo wadau. Nina swali kwa wanaojua utengamao (tiba ya kukuza au kurudisha uwezo wa mwili) wa watoto. Mtoto wa kike, miaka 4 na miezi 2. Alichelewa kukaa na kutembea, sasa anatembea vizuri, maneno bado machache. Penseli anaikamata kwa ngumi, anachorachora kidogo kisha anaitupa. Ukimwonyesha mstari au duara haigi. Vibao vya kuchezea anapanga 2, cha 3 kinaangusha vyote. Shanga hawezi kutunga. Mama yake anapata kama nusu saa kwa siku, na ameshanunua daftari la kufuatisha nukta za herufi ili mtoto asiachwe na wenzake. Kliniki ya tiba kwa vitendo (mazoezi ya kumwezesha mtoto kufanya shughuli za kila siku) ni mara moja kwa mwezi. Hapo katikati wafanye nini nyumbani, na kwa mpangilio gani?

tiba_vitendo
Mwalimu, hilo daftari la nukta liwekwe kabatini kwanza. Mtoto anayeishia vibao 2 na haigi mstari, kwa upande wa mikono yuko karibu na umri wa mwaka mmoja na nusu. Herufi nyingi zina mistari ya mshazari, na hiyo hata mtoto asiye na tatizo huiweza akikaribia miaka 5. Kwa kawaida huanza mstari wa wima (karibu miaka 2), kisha wa mlalo, duara miaka 3, msalaba miaka 4, halafu mraba, na pembetatu miaka 5 hivi. Na kila umbo lina ngazi mbili: kuiga baada ya kukuona ukichora, na kunakili kutoka kwenye picha bila kuonyeshwa. Kuiga hutangulia. Kwa hiyo lengo la huyu binti sasa ni mstari mmoja wa wima, tena wa kuiga.

Je, macho yamepimwa? Makengeza, kuinamisha kichwa upande mmoja, kufumba jicho moja, kusogeza kitu hadi puani: yoyote kati ya hayo, apimwe kabla ya kulaumu mikono. Mboni ikionekana nyeupe, hasa kwenye picha ya flashi, aende hospitali mara moja, asisubiri siku ya kliniki.

Halafu mkao. Miguu ikining'inia, mwili unayumba na mikono inageuka nguzo ya kujishikilia. Nyayo zikanyage kitu kigumu (tofali chini ya miguu linatosha), meza iwe usawa wa viwiko. Meza ikiwa juu, mabega yanapanda na vidole vinakakamaa.

Kwa kuchora, asimame mbele ya ubao au ukuta, apewe chaki ya sm 3 tu. Kipande kifupi hakiingii kwenye ngumi, vidole vinalazimika kukishika, na ukuta unakikunja kifundo cha mkono kuelekea nyuma, ndivyo tunavyokitaka. Mama asimame ubavuni mwake. Akimkabili, mtoto anaona kila kitu kimegeuzwa. Achore polepole kutoka juu hadi chini huku akisema "shuuu… tuu!", na "tuu" iangukie kwenye alama nene aliyoiweka chini. Watoto hawa kuanza kuchora si tatizo sana, kusimamisha mkono mwisho wa mstari ndipo penye kazi, ndiyo maana ile alama. Akishindwa, amsukume taratibu kwenye kiwiko, asimkamate vidole. Kama bado, mama achore mstari mnene wa chaki, mtoto aufute kwa kidole kilicholowa maji. Kufuta ni rahisi kuliko kuchora, na mkono unapita njia ile ile.

Dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha, ndipo mnapopata kutupa penseli.

fundi_wa_michezo
Naongezea kwenye shanga na vibao. Shanga ndogo kwanza hapana. Chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni (lile bomba gumu la katikati) kinaweza kumkaba mtoto anayetia vitu mdomoni, na hapo vizibo vya soda na maharage vimo. Kata kigogo hicho hicho kuwa pete za sm 3. Azivishe kwenye mpini wa mwiko uliosimamishwa, kisha kwenye waya mnene wa umeme wenye plastiki (ncha zikunjwe), mwisho kabisa kamba ya kiatu iliyoviringishwa selotepu sm 5 kutoka nchani. Wengi wanaanza na kamba laini, inajikunja kabla haijafika tunduni na mtoto anakata tamaa. Mwanzoni mama apenyeze hadi ncha itokeze, mtoto avute tu. Akizoea, wabadilishane.

Vibao vyepesi huanguka kwa kuguswa na mkono wa nguo. Chukua pakiti ndogo za maziwa au juisi, jaza mchanga, ziba kwa selotepu. Uzito unamsamehe makosa. Na zisipangwe juu ya kanga au kitambaa cha maua, zinapotea machoni. Tandika kitambaa cha rangi moja inayopingana na pakiti.

mwl_awali
Asanteni sana. Macho hayajapimwa, nitamwambia mama. Kutupa ndiko kunakomkatisha tamaa: kila kipande kinaishia ukutani. Na unga wa kuchezea je, unafaa?

tiba_vitendo
Kuachia kitu taratibu ni ujuzi mgumu kuliko kukishika. Vidole vyake vinafunguka vyote kwa mpigo, kwa hiyo mnara unabomoka na kutupa kunakuwa njia rahisi. Rudini hatua moja: kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko, atumbukize. Tundu liwe kubwa mwanzoni, lipunguzwe kadiri anavyolenga, na kingo zake zizibwe selotepu. Kiwiko kiegemee meza. Mpe vipande 3 tu, kimoja kimoja, na beseni la "imekwisha" pembeni, ili kila kipande kiwe na pa kwenda.

Unga ndiyo, ila ule wa kikombe cha chumvi kwa vikombe viwili vya unga usimpe mtoto anayekula kila kitu. Chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto mdogo. Unga wa chapati usio na chumvi unatosha: vikombe 2 vya ngano, maji kidogo kidogo hadi ushikane, kijiko cha mafuta. Utupwe siku hiyo hiyo, kwenye joto unachacha. Abinye, achomoe pakiti iliyozikwa ndani, aviringishe kwa mikono miwili.

Hiyo mikono miwili muiangalie kwa makini. Kama mmoja unabaki umekunjwa ngumi au hautumiki kabisa, mwambieni mtaalamu. Hapo programu inabadilika, na mkono ule upewe kazi ya kushikilia kopo au karatasi, usiachwe.

fundi_wa_michezo
Mwalimu, mwambie mama pia aandike. Kila baada ya wiki 2, kazi zile zile, ajaribu kwanza bila kusaidiwa: pakiti ngapi zimesimama, pete ngapi, na mstari uliigwa au la. Karatasi iwe na tarehe. Pembeni aandike kiwango cha msaada: mwenyewe, kuonyeshwa, kuguswa kiwiko, au kushikwa. Kutoka kushikwa hadi kuguswa kiwiko ni maendeleo makubwa ambayo mstari wenyewe hauyaonyeshi, na mtaalamu wa kliniki atayahitaji apange mwezi unaofuata. Lakini akipoteza alichokuwa anakiweza, si kuchelewa tena huko, apelekwe kwa daktari bila kungoja zamu yake.