Pikapu ya kabureta: mipira ya vakyumu imezibwa kwa boliti na sailensa haitulii

Swali

Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya mwaka 1984, injini ya silinda 4 yenye kabureta, ambayo imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Chini ya boneti nimekuta mipira mitatu ya vakyumu (vibomba vinavyopitisha mvuto wa hewa wa injini) imezibwa kwa boliti, miwili inaning'inia, na mmoja umeviringishwa utepe wa umeme. Sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda hadi mizunguko 1,300 kwa dakika na kushuka hadi 800, kisha inaanza upya. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inalipuka kama bunduki. Asubuhi kuna harufu ya petroli hata kama gari halijawashwa tangu jana. Nimefunga geji ya vakyumu kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye silinda) ikasoma inchi 13 za zebaki, mshale ukichezacheza, na skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli nikiizungusha ndani au nje injini haibadiliki kabisa. Fundi mmoja amenishauri ning'oe vifaa vyote vya kupunguza moshi na kuziba kila tundu. Nifuate ushauri huo, au kuna utaratibu wa kutafuta tatizo?

Jibu la 1

Mkuu, using'oe kitu kwanza. Katika yote uliyoeleza, lililonivuta zaidi ni hiyo skrubu ya mchanganyiko. Inaelekea mmoja wa waliokutangulia alikuwa na injini inayotaka kuzima, na badala ya kutafuta hewa inakoingilia akakaza skrubu ya mwendo, ile inayopandisha sailensa. Kipepeo cha kabureta (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kikabaki wazi kupita kiasi, na petroli ikaanza kutoka kwenye matundu ya juu ambayo skrubu ya mchanganyiko haiyatawali. Ndiyo maana unazungusha bure.

Injini isiyo na hitilafu ikiwa moto na sailensa imetulia husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza takriban inchi 1. Kwa hiyo piga hesabu ya mahali ulipo kabla ya kuilaumu 13 yako.

Acha injini ingurume, geji ikiwa imefungwa, kisha ubane mpira mmoja mmoja kwa koleo uliyoizungushia kitambaa ili isikate mpira. Anza na ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, kwa sababu ukipasuka huo unaingiza hewa nyingi kuliko mingine. Mshale ukipanda na kutulia, basi hewa inaingilia mbele ya pale ulipobana. Mipira ikimalizika bila jibu, nyunyiza maji ya sabuni kuzunguka gasketi ya chini ya kabureta na maungio ya manifoldi, usikilize kama mlio wa injini unabadilika. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Mimi siipendi karibu na ekzosi yenye moto.

Jibu la 2

Mimi naungana na fundi wako. Gari la umri huo halihitaji utitiri wa mipira. Ziba EGR (valvu ya kurudisha moshi kwenye injini), toa pampu ya hewa inayosukuma hewa kwenye ekzosi, acha mpira wa distribyuta na wa breki tu, na utalala usingizi.

Jibu la 3

Kwa heshima, sikubaliani na ndugu aliyetangulia. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili kupunguza joto la mwako, na katika injini nyingi za wakati huo kabureta na taimingi (wakati wa kutoa cheche) vilipangwa vikitegemea moshi huo. Ukiiziba bila kurekebisha kingine, injini inaweza kuanza kugonga inapobeba mzigo. Tena kuna nchi ambako kuviondoa vifaa hivi ni kosa kisheria.

Ninachoshuku ni kwamba mipira imechomekwa kwenye matundu yasiyo yake. Kabureta ina matundu yaliyo juu ya kipepeo, ambayo hayavuti chochote kwenye sailensa na huanza kuvuta unapokanyaga mafuta, na ina mengine chini ya kipepeo yanayovuta muda wote. EGR hutakiwa kupata vakyumu ya aina ya kwanza. Ikipewa ya pili inafunguka wakati wa sailensa, injini inatetemeka na vakyumu inashuka. Chomoa mpira wake uuzibe, utazame geji. Baadaye, injini ikiwa kwenye sailensa, inua kiwambo cha valvu kwa kidole ukiwa umevaa glavu: injini ikitaka kuzima, njia za moshi ni safi, isipobadilika, zimejaa masizi.

Tafuta pia kibandiko chenye mchoro wa mipira chini ya boneti. Kikiwa kimechanika, kitabu cha ufundi cha mwaka huohuo kitakusaidia, kwani mchoro hubadilika hata kwa injini ileile.

Muulizaji

Nimerudi na majibu. Mpira wa EGR kweli ulikuwa kwenye tundu linalovuta muda wote. Nilipouchomoa na kuuziba, geji ilipanda hadi 16. Ule wenye utepe ni wa distribyuta, na kona yake ilikuwa imepasuka upande wa chini usioonekana. Nilipoubadilisha nikapata 18, mshale umetulia. Ajabu ni kwamba sailensa iliruka hadi 1,700! Nimelegeza skrubu ya mwendo karibu mizunguko miwili, na sasa skrubu ya mchanganyiko inaitikia. Kilichobaki ni mlipuko wa ekzosi na harufu ya asubuhi.

Jibu la 1

Hapo umefika pazuri. Kwa mlipuko, fuata boliti zako: mojawapo huenda imeziba mpira mwembamba wa valvu ya kugeuza hewa ya pampu. Unapoachia mafuta ghafla, vakyumu hupanda na kuiamuru valvu hiyo imwage hewa nje. Isipopata amri, hewa inaendelea kuingia kwenye ekzosi, inakutana na petroli isiyoungua, na inalipuka.

Harufu nayo ifuate kwenye kopo la mkaa linalohifadhi mvuke wa tangi. Mipira yake iwe ile inayostahimili petroli, maana wa kawaida hulainika na kuvimba. Na kabla ya kugusa taimingi, chomoa mpira wa distribyuta na kuuziba, la sivyo utaipanga kwa kipimo cha uongo.