"Underscore": kusisitiza, kupigia mstari au kudhihirisha?

Kalamu_Nyepesi: Habari zenu wakuu. Natafsiri ripoti, nimekwama kwenye sentensi hii: "The floods underscore the need for early warning." Niliandika "Mafuriko yanasisitiza haja ya tahadhari ya mapema." Mhariri kaizungushia wino mwekundu bila maelezo. Kamusi yangu inasema "underscore" ni kusisitiza. Kosa liko wapi?

BintiSarufi: Ndugu, kusisitiza kunataka kinywa. Mtu husisitiza: anarudia, anakaza sauti, anashikilia neno lake. Mafuriko hayasemi. Kiingereza hakioni shida tukio likiwa kiima cha "underscore", tena ndivyo kinavyolipenda zaidi: ajali, takwimu, kifo cha mtu, vyote vinaweza "underscore" jambo. Mimi ningeandika "yamedhihirisha" au "yameonyesha wazi zaidi".

Mzee_wa_Tungo: Kuna pia "yamepigia mstari", maana neno lenyewe limetoka kwenye kalamu: kuchora mstari chini ya maneno. Enzi za taipureta mstari huo ulimwelekeza mpiga chapa aweke herufi za mlazo. Waingereza hupenda "underline", Wamarekani "underscore", kazi ni ile ile.

BintiSarufi: Shikamoo mzee. Asili ni hiyo kweli, ila msomaji akiona "pigia mstari" anakumbuka mtihani: pigia mstari nomino katika sentensi zifuatazo. Picha inamtoa kwenye mafuriko inampeleka kwenye karatasi. Kwangu haifai hapa.

Mzee_wa_Tungo: Marahaba binti. Hapo umenipata.

Kalamu_Nyepesi: Na kiima kikiwa mtu? "The minister underscored the importance of..."

BintiSarufi: Hapo kusisitiza ni mahali pake kabisa. Waziri ana kinywa. Kwa hiyo tazama kiima kwanza, kamusi baadaye.

Jicho_la_Tai: Niongeze kosa ninalolikuta kila siku kwa wanaoandika Kiingereza: "emphasize on". Kitenzi hicho hakitaki "on". Ni "she emphasized safety", basi. Nomino ndiyo inayoitaka: "put emphasis on safety". Sisi tunateleza kwa sababu kichwani tuna "kuweka mkazo kwenye" na "kutilia mkazo juu ya". "Stress" kama kitenzi ni vilevile, haitaki "on".

Mzee_wa_Tungo: "Stress" nayo ni mkazo wa matamshi. Tamka barabara, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unapata njia ya magari. Urudishe silabi moja nyuma, baRAbara, unapata "sawasawa". Herufi hazijabadilika hata moja! Ndiyo maana kwa "stress" napenda "kutilia mkazo" kuliko kusisitiza: neno linabaki na sauti yake.

Kalamu_Nyepesi: Na "highlight"?

Jicho_la_Tai: Hiyo ni kuchomoa jambo moja kati ya mengi lionekane. "Ripoti imeainisha" siyo, huko ni kupanga kwa makundi. Sema "imeangazia" au "imebainisha".

Kalamu_Nyepesi: Asanteni sana. Nimempelekea mhariri hivi: "Mafuriko haya yamedhihirisha upya haja ya kutoa tahadhari mapema." Nimeongeza "upya" kwa sababu aya iliyotangulia ilishalitaja hitaji hilo.

BintiSarufi: Hiyo "upya" iache hapo hapo. "Underscore" hukazia jambo lililokwisha kujulikana, halileti jipya.