Je, lawama dhidi ya dola la ustawi zinatuhusu sisi tunaokatwa asilimia 2.75?

Mlipaji wa Donholm aliuliza:

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma hoja za watu wa Ulaya na Marekani wanaoshutumu dola la ustawi, yaani serikali inayobeba matibabu, malezi na uzee wa raia kwa fedha za ushuru. Wanasema kwamba utaratibu huo huwazoesha watu kupokea, huwalemea wanaofanya kazi na huishia kwenye foleni ndefu. Uingereza, ambako huduma ya afya ya taifa ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan, orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali ilikuwa imepita milioni 7 kufikia mwaka 2023 kwa upande wa England pekee. Hapa kwetu, tangu SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa ya hospitali, Oktoba 2024, ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, ilhali zamani hata aliyepokea zaidi ya Sh100,000 alikatwa Sh1,700 tu. Hata hivyo, binamu yangu alipolazwa, ilitubidi tufungue kundi la michango kwenye WhatsApp, mweka hazina akibandika kila jioni orodha ya majina na kiasi kilichotumwa kwa M-Pesa. Je, si afadhali kila mtu aachiwe pesa zake ajinunulie bima anayoitaka, kama wafanyavyo Marekani? Naomba majibu ya waliolitafakari jambo hili, si siasa.

Mhadhiri wa Uchumi alijibu:

Ndugu, Marekani unayoitaja haipo. Tangu mwaka 1965 serikali ya huko hugharimia matibabu ya wazee kupitia Medicare na ya maskini kupitia Medicaid. Jumla ya pesa zinazotumika kwa afya, za umma na za watu binafsi, ni takriban asilimia 17 ya pato la taifa, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha Uingereza au Ujerumani, na bado Mmarekani wa kawaida huishi miaka michache kuliko wenzake wa nchi hizo mbili. Mwanauchumi Kenneth Arrow alieleza sababu ya msingi mwaka 1963: mgonjwa hajui ataugua lini, hajui tiba ipi inamfaa, na akiwa kitandani hana nafasi ya kupatana bei kama anavyopatana Marikiti. Kampuni ya bima nayo, ikiachiwa huru, itamtafuta kijana mwenye afya na kumkwepa mwenye kisukari. Hata Friedrich Hayek, ambaye wakosoaji wa dola la ustawi humtegemea sana, aliandika mwaka 1944 kwamba serikali inaweza kusaidia kuandaa bima ya jamii dhidi ya maradhi na ajali. Alichokipinga ni serikali kupanga uchumi mzima.

Lawama ninayoikubali ni kwamba tumeiga nusu ya mfumo wa Ujerumani. Sheria ya bima ya afya ya Kansela Bismarck ya mwaka 1883 iliwafaa wafanyakazi wa viwandani, waliokuwa na mshahara unaoweza kukatwa, na leo mwajiri wa huko hulipa nusu ya mchango wa kawaida wa asilimia 14.6. Mwajiri wa Kenya hukata na kupeleka tu. Yeye mwenyewe hachangii bima hiyo hata shilingi. Tena Wajerumani hawakuwaingiza wakulima wanaojitegemea katika bima ya lazima hadi mwaka 1972, ilhali sisi, ambao zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi wako katika jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, tunatarajia mfumo uleule utufikie sote kwa miaka michache.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu wa Donholm, usiihukumu hospitali kwa urefu wa foleni pekee. Nilikuwa kazini mwaka 1989 serikali ilipoanzisha ada za matibabu kwa jina la kugawana gharama, na foleni zilifupika kweli, kwa sababu waliokosa pesa walibaki nyumbani. Hao hawakuandikwa katika orodha yoyote ya kusubiri. Wakati mwingine tuliwaona baadaye, wakiletwa kwa mkokoteni, kidonda cha mguu kikiwa kimekwisha kuoza. Leo nao wapo wenye kadi wanaoambiwa wakanunue glavu na sindano kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Hapo kosa si kwamba serikali imetoa mengi mno.

Fundi wa Gikomba alijibu:

Kwanza, mabadiliko ya makato hayakumwumiza kila mtu. Aliyelipwa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 na sasa hukatwa Sh550. Ninyi wa mishahara mikubwa mna haki ya kudai huduma, lakini msiseme kwamba sisi wa jua kali tunabebwa bure. Kila nikinunua misumari, gundi au sabuni ninalipa VAT ya asilimia 16, na nikipanda matatu nauli yangu ina ushuru wa mafuta ndani yake. Kinachotushinda SHA ni kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, baada ya maswali kuhusu paa la nyumba na choo kukadiria mapato yangu, ilhali mapato hayo hubadilika kila wiki. Wiki ya mvua kubwa siuzi hata stuli moja.

Mlipaji wa Donholm:

Shukrani, Mama, na shukrani kwenu wote. Basi niulize wazi: kama jua kali haiwezi kukatwa, nani atajaza pengo? Ni sisi tena?

Mhadhiri wa Uchumi:

Kuna njia mbili zilizojaribiwa. Korea Kusini ilianza bima ya lazima mwaka 1977 na kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi, na kufikia 1989 ilikuwa imewafikia raia wote, serikali ikiwachangia wakulima na waliojiajiri. Thailand iliacha kuwafukuzia watu wasio na mishahara; kuanzia mwaka 2002 ililipia matibabu yao kutoka ushuru wa jumla, na mgonjwa akatoa baht 30 tu kwa kila ziara. Mimi naiona njia ya Thailand kuwa ya haki zaidi kwetu, kwa kuwa VAT ya Fundi tayari iko katika hazina ya taifa na haihitaji kukusanywa mara ya pili kwa jina la mchango. Ingebidi ushuru huo uelekezwe hospitalini kweli. Viongozi wa Afrika, wetu wakiwemo, waliahidi mjini Abuja mwaka 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na bajeti ya Kenya haijakifikia kiwango hicho. Pengo unaloliuliza lianze kuzibwa hapo, kabla ya yeyote kuigusa tena hati yako ya mshahara.