Nimelipa milioni 70 ya nyumba Kinyerezi, miezi saba sasa jina halijahamishwa. Nifanyeje?

MkaziWaSegerea

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa mtu aliyewahi kupitia hili au anayezijua hizi kazi za ardhi, usingizi umeanza kunipotea.

Mwezi wa pili nilinunua nyumba Kinyerezi, vyumba vitatu, uzio umeishia nusu. Bei milioni 95, nikalipa 70 siku ya kusaini mkataba kwa wakili, zile 25 tukaandika nitamalizia hati ikitoka kwa jina langu. Muuzaji akasema miezi miwili ni mingi. Leo mwezi wa tisa unaisha.

Upekuzi nilifanya kabla sijatoa hata shilingi, hati ipo kweli, haina mkopo wa benki wala zuio, ila jina lililopo ni la marehemu baba yao. Huyu kaka aliyeniuzia ndiye msimamizi wa mirathi, alinionyesha fomu ya mahakama ya mwanzo ina muhuri na kila kitu, nikajua hapo hakuna shida. Sasa nikipiga simu leo naambiwa mthamini hajaenda, wiki ijayo naambiwa jalada linatafutwa, wiki nyingine kodi inashughulikiwa. Wakili aliyeandika mkataba aliletwa na dalali, nikimpigia anasema yeye kazi yake ilikuwa kushuhudia saini.

Huku Segerea nalipa kodi 250,000 kila mwezi. Nilishanunua tenki la maji lita 2,000 kwa ajili ya kule, limekaa uani kwa mama mwenye nyumba tangu Pasaka, watoto wanachezea ndani yake.

Juzi kaka kanipigia anataka nimpe milioni 10 kwenye zile 25 akalipie kodi ya serikali, nisipotoa eti itaenda mpaka mwakani. Mke wangu anasema tumpe yaishe, mimi moyo unasita. Nimpe? Au nivunje mkataba nidai hela yangu?

Mama Karani

Pole sana mdogo wangu. Nimekuwa karani kwenye ofisi za mawakili miaka 11, mafaili ya namna yako nimeyabeba kwapani mengi, kwa hiyo nisikilize vizuri na usimpe hiyo milioni 10 mkononi.

Kwanza hebu tuone kilipokwama kweli, maana naona wanakuzungusha kwenye mthamini na kodi wakati inawezekana hawajafika hata huko. Hati ina jina la marehemu. Msimamizi hawezi kutoka na ile fomu ya mahakama akakuhamishia wewe moja kwa moja, lazima kwanza yeye mwenyewe asajiliwe kwenye hiyo hati kama mwakilishi wa marehemu, anapeleka kwa Msajili wa Hati fomu ya uteuzi, cheti cha kifo na hati yenyewe halisi. Hiyo ikishaingia ndipo anakuwa na nguvu ya kusaini uhamisho kwako, zile fomu namba 29, 30 na 35 mnazojaza wote wawili na picha pasipoti. Watu wengi wanaruka hatua hii ya kwanza, maombi yanarudishwa, wanaanza kusema jalada limepotea. Muulize swali moja tu, umeshasajiliwa kwenye hati kama msimamizi? Akisema ndiyo mwambie akutumie kopi.

La pili ni mahakama. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, ile fomu namba 5 na namba 6. Muulize amezipeleka? Nyumba yenyewe ipo kwenye orodha? Na ndugu zake wameridhia kwa maandishi, au mna muhtasari wa kikao cha familia wenye saini? Nimeona dada mmoja kaolewa mbali akaja kuweka pingamizi siku mbili kabla ya hati kutoka, mnunuzi alikaa zaidi ya mwaka.

Sasa kodi. Ile ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama zake kuna utaratibu wa asilimia 3 ya thamani ya mauzo ulioletwa mwaka 2022, na nyumba ya mzee ya zamani nani atakuwa na risiti za saruji. Bila kodi hiyo kulipwa uhamisho hausajiliwi. Ushuru wa stempu asilimia 1 huwa tunauacha kwa mnunuzi, na huo mkataba unatakiwa upigwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, kwa hiyo kama wako haujapigwa kaa ukijua kuna faini inakusubiri.

Kama kweli kinachokosekana ni hela ya kodi, mwambie aende akakadiriwe apewe kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, akutumie, wewe ulipe mwenyewe kwenye hiyo namba na risiti ubaki nayo. Kabla ya kulipa mnaandika nyongeza ya mkataba kwamba kiasi hicho kimetoka kwenye zile 25, na humo mweke tarehe. Mkataba wako nahisi hauna tarehe ya mwisho hata moja. "Hati ikitoka" siyo tarehe.

Na wiki hii hii nenda kaweke zuio lako kwenye hati kama mnunuzi. Unaapa kiapo, unaambatisha mkataba na risiti za malipo, ada yake si ya kukutisha. Halimhamishi mtu ila anayetaka kuuza mara ya pili au kukopea benki atalikuta pale. Tafuta wakili wako wewe, huyo wa dalali muache.

Mzee wa Kihonda

Kijana wangu, dada hapo juu amekueleza vizuri na mimi nakuongezea upande wa muuzaji maana nilikuwa muuzaji.

Nyumba ya marehemu kaka yangu hapa Morogoro niliisimamia mimi. Mnunuzi alitoa sehemu kubwa kama wewe, na siku ile ile nikaketi na watoto wa marehemu sebuleni tukagawana hela juu ya meza, kila mtu na bahasha yake, mmoja akalipa ada ya chuo, mmoja akanunua bajaji. Nilikuwa naona nimetenda haki. Baada ya wiki mbili ndipo nikaambiwa kuna deni la kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka, la miaka mingi, kuna mthamini wa kulipwa, kuna kodi ya mauzo, na mimi mfukoni sina kitu, kila mtoto nikimpigia anasema baba mdogo ile hela imeshaisha. Niliona aibu kumwambia mnunuzi, nikawa namwambia jalada linatafutwa. Miezi tisa nilimdanganya mtu ambaye hakunikosea na mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya.

Huyo kaka yako huenda siyo tapeli, huenda amegawa hela na ameelemewa. Usimpigie simu tena. Nenda kwake jioni, ukae naye, umuulize kwa upole hela mliigawa? Na uangalie deni la pango la ardhi lipoje, maana hilo linaweza kuwa kubwa kuliko mnavyodhani na hamtasogea bila kulimaliza.

Likoni Njema

Salaam alaykum ndugu zangu wa Dar, mie niko Mombasa. Huku kwetu mawakili wana masharti ya kawaida ya mauzo ambayo takriban kila mkataba wayafuata, mnunuzi atoa asilimia 10 pekee na zilobaki zakaa mpaka siku ya kukamilisha, ambayo kwa kawaida ni siku 90. Upande mmoja ukichelewa, mwenzake ampelekea notisi ya siku 21, zikipita hajatimiza ndipo mkataba waweza kuvunjwa. Sisemi huku hakuchelewi, huchelewa sana, mie mwenyewe ningojea hati ya idhini hadi nikachoka. Lakini wakati wangoja pesa zako ziko kwa wakili, hazimo kwenye bajaji ya mtu.

Wewe ushatoa 70 na hazirudi nyuma, ila hiyo notisi waweza kumwambia wakili wako aiandike hata kama mkataba haukuitaja, ampe siku maalumu. Ukikimbilia kuvunja mkataba leo, hiyo 70 wataitoa wapi? Hati ndiyo iko karibu nawe zaidi kuliko pesa.

Mama Karani

Hilo la Likoni ni kweli kabisa. Kesi ya kudai hela ambayo huenda imeshagawanywa kwa warithi, utashinda na hutalipwa leo wala kesho.

MkaziWaSegerea

Wakuu narudi na mrejesho, nashukuru sana sana, Mungu awabariki.

Ijumaa nilienda kwa kaka bila kumpigia, nikamkuta anamwagilia mchicha. Nilimuuliza kama Mzee wa Kihonda alivyosema, hela mliigawa? Akanyamaza, akaweka ndoo chini, akasema ndiyo, warithi watano, yeye alibaki na milioni 9 akajengea kaburi la mzee na kulipa deni la hospitali. Kwenye hati hajasajiliwa kama msimamizi, alikuwa hajui kabisa kwamba ni hatua inayojitegemea, dalali alimwambia fomu ya mahakama inatosha. Ile orodha ya mali alipeleka, hesabu ya mgawanyo bado.

Jumatatu tumeenda wote mahakamani kuuliza, karani katuambia alete risiti za mgawanyo na saini za warithi wote. Wanne wako hapa hapa Dar. Wa tano ni dada yao yuko Mwanza, nimeongea naye kwa simu mwenyewe, anasema hana kinyongo ila anataka aone kwa maandishi nyumba iliuzwa bei gani kwa sababu yeye aliambiwa milioni 80. Nimemtumia picha ya mkataba Wasap usiku ule ule, bado hajajibu.

Wakili mpya nimempata, kiapo cha zuio nimesaini leo mchana, kesho linapelekwa. Deni la pango la ardhi tumeomba kontroo namba nikaambiwa ni milioni 1 na laki 4, hilo nitalilipa mimi kwenye namba na tunaliandika kwenye nyongeza.

Mama Karani, swali moja: yule dada wa Mwanza akikubali, saini yake lazima aje Dar au anaweza kwenda kwa wakili wa huko huko aapishwe na karatasi itumwe kwa basi?

Mama Karani

Anaapa huko huko Mwanza kwa wakili au hakimu yeyote, karatasi halisi ndiyo itumwe, siyo picha. Na mwambie aambatishe kopi ya kitambulisho cha NIDA. Kuhusu ile tofauti ya milioni 15, mwachie kaka yake amweleze mwenyewe, wewe usiingie.