Gari lililoshushwa linyimwe stika ya usalama? Tujadili

Mleta mada (Mtwara mjini):
Wakuu, salaam kutoka Mtwara kuchele. Hela ya korosho ikiingia mnazijua dalili zake: bati mpya, pikipiki mpya, na siku hizi magari yaliyolala chini mpaka tairi limezama kwenye madigadi. Jana kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa. Gari la namna hii lipewe stika ya Nenda kwa Usalama, ile ya ukaguzi wa magari, au linyimwe? Msimamo wangu: aliyekata springi kwa grainda anyimwe. Aliyebadili springi na raba zake kwa vipimo aachwe. Na walionyanyua kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo cha gari, nao wapimwe, tusioneane.

Dereva wa Noah, Lindi–Mtwara:
Wanyimwe wote. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Kilwa, gari zima tu lilikuwa linapata tabu kwenye michepuko. Hilo la kulamba lami ungelipitisha wapi? Mtasema mnakaa mjini, lakini msiba ukitokea Newala mnakwenda nalo hilohilo.

Kijana wa Altezza:
Njomba, gari langu, hela yangu. Likishuka linashika kona vizuri. Njoo tukutane kona za Mikindani uone.

Fundi, Chikongola:
Dogo ana nusu ya ukweli. Gari likikaa chini halilali sana kwenye kona, hilo halina ubishi. Shida ni limeshushwaje.

Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja na nusu, inabaki 4.5. Ugumu wake umepanda kwa theluthi moja, na shokapu ni ileile iliyotengenezwa kwa springi ya zamani, kwa hiyo gari linadunda kama mpira. Halafu ile ncha iliyotengenezwa ikae sawasawa kwenye kikombe inachokalia springi umeshaitupa. Tairi likining'inia shimoni, springi inaachia, na ikirudi inaweza kukaa upande. Wapo pia wanaoichoma kwa gesi ili isinyae. Hao hata sitaki kuwazungumzia, chuma kilichochomwa hivyo kimekwisha.

Springi fupi ya kiwandani ni habari nyingine. Imepigiwa hesabu ya ugumu na urefu. Hata hivyo lazima ukapime alaimenti, yaani mkao wa matairi, maana mbele ya IST na ndugu zake ukiishusha, tairi linainamia ndani na kuliwa upande mmoja. Miezi michache waya zinaonekana, na mwenyewe hajui kwa sababu upande wa nje bado una kashata, yaani meno ya tairi.

Mzee wa Benz, Shangani:
Nina Benz W124. Springi za mbele zinakalia raba zenye vinundu: kimoja unene milimita 8, viwili 13, vitatu 18, vinne 23. Nilitoa za vitatu nikaweka za kimoja. Raba imepungua milimita 10 tu, lakini kwenye tairi gari lilishuka zaidi ya hapo, kwa kuwa springi imekaa katikati ya mkono, si pale tairi lilipo. Hakuna kilichokatwa, na nikitaka narudisha. Sasa mimi nami ninyimwe stika?

Mama wa Nanyamba:
Wanangu, mimi Raum yangu niliinyanyua kwa spesa sababu ya mchanga na mawe ya huku. Na mimi ni mhalifu?

Fundi, Chikongola:
Shikamoo mama. Si mhalifu, ila angalia yale makava ya sivijointi, zile jointi za shafti zinazozungusha tairi. Gari likinyanyuka, shafti zinainama kuliko zilivyopangwa, kava linachanika, mchanga unaingia, na jointi inaanza kulia ukikata kona. Halafu uzito umepanda juu, kwa hiyo kona uziingie taratibu.

Dereva wa Noah:
Sawa, lakini mkaguzi ana foleni ya magari. Atajuaje nani kakata na nani kanunua?

Fundi, Chikongola:
Jeki moja, dakika tano. Nyanyua tairi lining'inie, kisha shika springi uitikise. Ikicheza kwenye kikombe, imekatwa au si ya gari hilo. Ncha yenye alama za grainda hata mtoto anaiona. Huhitaji mashine.

Mleta mada:
Hapo nimeelewa, na nabadili kidogo hoja yangu. Kupima urefu kwa macho tu kutamuumiza mzee wa Benz na kumwachia aliyekata nusu mzunguko. Kipimo kiwe jeki.

Mzee wa Benz, Shangani:
Naunga mkono. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kijana wa Altezza:
Fundi, yangu ilikatwa nyuma. Nilinunua hivyohivyo. Springi za mtumba zipo?

Fundi, Chikongola:
Zinapatikana. Nipigie picha kile kibati chenye namba ya modeli, maana si Altezza zote zinafanana. Na shokapu za nyuma tuzitazame kabla hujalipa chochote, zikivuja oili ujue kuna gharama nyingine.

Kijana wa Altezza:
Zinavuja.